Staa, Crown na Taa ya Njano: Aibu Siyo Kuwaka, Aibu Ni Kuizima Kijanja

Jina kapuni, ila mjini wanamjua. Staa wa Bongo Fleva kaposti video yuko nyuma ya usukani wa Crown, muziki juu, saa inang'aa mkononi. Watu hata wimbo hawakuusikiliza. Walivuta picha wakaiona dashibodi: taa ya cheki injini inawaka, njano kabisa. Vicheko vikaanza. "Gari la kuazima hilo!" "Apeleke gereji kwanza, shoo baadaye!" Kesho yake video ikafutwa, ikaja nyingine. Gari lile lile, dashibodi safi, taa hakuna.

Sasa swali: gari limepona usiku mmoja, au limezibwa mdomo?

Kiukweli, taa kuwaka siyo aibu. Magari mengi ya Dar yametumika Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli. Gari la miaka 15 au 20 kuwasha taa ni kama mzee kulalamika magoti, kawaida tu. Aibu ni kuificha: kufuta taa kwa mashine bila kugusa tatizo, kung'oa balbu, kubandika utepe mweusi. Mchezo huo upo, na anayeumia siyo staa peke yake. Ni abiria wake, na ni kijana atakayeuziwa gari hilo akiambiwa "halina shida hata moja".

Kijana huyo anacho kipimo cha bure. Afungulie swichi bila kupiga stata. Taa za injini, oili, betri, ABS na mifuko ya hewa zinatakiwa ziwake. Za ABS na mifuko ya hewa huzima zenyewe baada ya muda mfupi, ila za injini, oili na betri huzima ukishapiga stata na injini kuwaka. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa.

Halafu kuna suala la rangi. Nyekundu ya oili au ya joto maana yake paki pembeni, zima injini, siyo "nifike tu Mwenge". Vitz na Passo nyingi hazina hata mshale wa joto: zina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Njano inakupa muda wa kwenda kwa fundi, ila ikianza kumweka, punguza mwendo. Mara nyingi hapo injini inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye ekzosi.

Kosa kubwa la wengi ni kununua spea kwa kuangalia picha ya taa. Taa ya betri ikiwaka njiani, mtu anakimbilia dukani kununua betri mpya. Kumbe taa hiyo inasema gari halichaji, na tatizo linaweza kuwa alteneta au mkanda wake. Taa ya breki nayo ikiwaka na hendibreki iko chini, fundi wa haraka anaongeza mafuta ya breki, taa inazima, kila mtu anafurahi. Lakini mafuta yale hushuka pedi zikiisha, au yakiwa yanavuja. Kuongeza bila kukagua ni kulipia ukimya tu.

Hata mashine ya kupimia gari haitaji spea ya kununua. Inatoa namba ya hitilafu. P0171, kwa mfano, inasema hewa imezidi petroli. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya petroli iliyochoka. Lakini wapo wanaouziwa sensa ya oksijeni siku hiyo hiyo, na wiki ijayo taa inarudi. Fundi mzuri anaisoma namba, anatafuta chanzo, ndipo anataja spea. Anayetaja bei kabla ya kufungua boneti anabahatisha na hela yako.

Ukishajua kinachotakiwa, nenda Gerezani au Ilala na spea ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. "Ya Crown" haitoshi, kwa sababu Crown moja ina matoleo na injini tofauti. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye spea yenyewe, siyo kwenye boksi. Boksi la Denso au NGK linaweza kuchapishwa na yeyote.

Mtumba nao siyo dhambi. Mlango, bampa, kioo cha pembeni, taa ya mbele: chukua mtumba, okoa hela. Lakini pedi za breki, plagi, filta na mikanda ni vitu vinavyolika na kuchoka. Kununua vilivyokwisha kutumika ni kununua mwisho wa safari ya mtu mwingine.

Mjini tumezoea kupiga makofi kwa rimu mpya na spika zinazotetemesha mtaa, halafu tunamcheka mwenye taa ya njano. Tumegeuza mambo. Rimu hazimsimamishi mtu kwenye mteremko, pedi ndizo zinamsimamisha. Staa atakayeposti gari lake likiwa gereji, boneti wazi, risiti ya breki mkononi, huyo ndiye wa kupigiwa makofi. Na mashabiki wakiendelea kucheka taa, mastaa wataendelea kuzizima, na barabarani tutakutana nao.