Bati Halimfundishi Mtoto

Ndugu wazazi wa Masisi na Walikale, hapa Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kila tunapokaa kuzungumza habari ya kujenga shule kijijini, mazungumzo huanza na bati. Mbao tunazo, mawe tunayo, udongo tunao, na salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tumeizoea tangu enzi za Rais Mobutu. Kinachokosekana ni bati na misumari. Basi tunamngoja mgeni wa shirika la misaada. Siku bati linapofika, kwa lori hadi barabara inapokatika, halafu kwa pikipiki na vichwani mwa akina mama, tunapiga vigelegele kana kwamba kazi imekwisha. Mimi nasema hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Shule nyingi tulizozijenga kwa jasho letu zilikuwa na paa zilipoanza kufa. Zilichokosa ni karatasi na mshahara wa mwalimu.

Tuangalie sheria yenyewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Miaka 13 ikapita kabla serikali ya Rais Tshisekedi haijaanza kuitekeleza ahadi hiyo, Septemba 2019. Kabla ya hapo, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyembeba mwalimu mgongoni, kwa minervali, yaani ada ya shule, na kwa prime, yaani nyongeza ya mshahara wa mwalimu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuisaidia elimu ya bure. Fedha nyingi. Lakini fedha ya serikali haiifuati shule kwa kuwa ina wanafunzi, hufuata namba. Shule iwe na hati ya kutambuliwa, mwalimu awe na matrikuli, yaani namba yake ya utumishi, majina yawe yamefika kwenye ofisi ya malipo ya walimu, ile ambayo wengi bado tunaiita SECOPE. Shule isiyo na vitu hivyo, Kinshasa haiijui. Walimu wake wanaitwa NU, yaani walimu wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye malipo ya serikali, na kuna waliozeekea katika NU.

Sasa ni nani atakayemlipa huyo NU? Ni yule yule mama aliyebeba mchanga. Alitoa siku zake za kulima, akapika chakula cha mafundi, na Oktoba mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa sababu ya franga za mwalimu. Elimu ya bure imepita barabara kuu, haikupinda kuingia kijijini kwake. Huo ndio uchungu ninaotaka wajenzi waufikirie kabla ya kuchimba msingi.

Mashirika siyabezi. UNICEF, Baraza la Wakimbizi la Norway na mengine yamejenga na kukarabati madarasa Masisi wakati serikali haikuonekana, na kuna wazungu waliolala chini ya mvua yetu ambao tunapaswa kuwashukuru. Lakini mradi wa mfadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Darasa linajengeka kwa miezi michache. Hati inaweza kuchukua miaka. Mradi ukifungwa, kibao chenye majina ya wafadhili kinabaki, na faili la shule linabaki mezani kwa mtu. Wenzetu wa Kenya walipojenga shule za harambee baada ya uhuru wa 1963, hawakuishia kwenye kuta: waliisukuma serikali ilete walimu. Sisi tunasukuma magogo vizuri sana, ofisi tunaziogopa.

Jambo la kiwanja halina mzaha hata kidogo. Masisi ni nchi ya mashamba makubwa. Mwaka 1973 Mobutu alipochukua mali za wageni na kuwagawia Wazaire, wakubwa walipata milima mizima, na mkulima akabaki kulima ardhi ya mtu. Kiwanja cha shule kilichotolewa kwa neno la mdomo, na mwami, yaani chifu, au na mwenye shamba, kina usalama maadamu aliyekitoa yuko hai. Akifa, mrithi anatokea mjini na mnunuzi pembeni. Hapo utawaeleza nini watoto 300?

Tena tangu vita vya Machi 1993, vilivyoanzia sokoni Ntoto huko Walikale vikaenea hadi Masisi, tumezoea kuuliza shule ni ya nani kabla ya kuuliza inafundisha nini. Ya Wahunde? Ya Wahutu? Ya Wanyanga? Ya Wakatoliki au ya Wapentekoste wa CEPAC? Matokeo yake kijiji kimoja kinakuwa na shule mbili, kila moja nusu, na hakuna hata moja iliyotimiza idadi ya wanafunzi inayotakiwa. Salongo ya shule iwe ya watu wote wa mahali, au isiwepo.

Nami nauliza, kwa nini tunyooshe mkono ng'ambo kabla ya kuangalia chini ya miguu yetu? Bisie, Walikale, kuna madini ya bati, kasiterite inayouzwa duniani. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa sekta na cheferi, yaani tawala za mahali, zinakochimbwa madini, na isiyopungua asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwenye maendeleo ya wenyeji. Kamati za wazazi zina haki ya kuuliza fungu hilo limejenga nini.

Mtu ataniambia, wewe unazungumza karatasi na nchi inaungua. Kweli. Mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, Machi wakafika Walikale, na UNICEF ikatangaza kwamba zaidi ya shule na vituo vya kujifunzia 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Madawati yamekuwa kuni. Lakini shule iliyoandikwa hata ikiungua ina jina, ina walimu wanaojulikana, na ina mahali pa kurudi. Isiyoandikwa ikiungua, imekwisha.

Kwa hiyo, wazazi, mgeni akija na bati, mkaribisheni, mpeni kuku, halafu mkae naye na daftari. Mwambieni atenge fedha za hati ya kiwanja, za safari za kamati kwenda ofisini, na za mwalimu hadi matrikuli itoke. Akisema mfadhili wake hulipia majengo tu, mwombeni apunguze darasa moja.