GARI LA UMEME NI SAFI? SAFI KWA NANI?



Ndugu mmoja kaniuliza: "Sheikh, moshi wa petroli unadhuru viumbe. Muislamu mwenye uwezo wa kununua gari la umeme akinunua la mafuta, anapata dhambi?" Anasema kasikia kwenye mawaidha kwamba gari la umeme ndilo gari safi, gari la mcha Mungu.

Taratibu, ndugu yangu. Siyatetei mafuta. Moshi wa dizeli unaharibu mapafu, na kudhuru watu ni haramu, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni hilo neno "safi".

Betri nyingi za magari haya zina kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, mkoa wa Lualaba, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Nyingi huchimbwa na makampuni kwa mashine. Lakini wako pia wanaochimba kwa mikono. Mtaa wa Kasulo watu walifukua mashimo mpaka ndani ya nyumba zao. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye migodi ya kusini mwa Kongo, wengi wao kwenye kobalti.

Katika ripoti yake ya mwaka 2016, Amnesty International ilitoa maelezo ya watoto iliowahoji. Wakaeleza kuwa anayepima gunia ni mnunuzi, anayesema jiwe lina ubora gani ni mnunuzi huyo huyo, na wao hawana pa kuhakikisha.

Simama hapo kidogo. Surat al-Mutaffifin inaanza kwa kumtishia nani? Si ndiye huyu, mpunjaji wa vipimo? Kaumu ya Nabii Shuaibu (a.s.) iliangamia, na mizani ilikuwa miongoni mwa makosa yao. Leo anayepunjwa ni mtoto, wewe unaniambia gari ni la mcha Mungu! Na huko huko Kongo, takriban watu wanne kati ya watano hawana umeme majumbani mwao.

Tazama na Norwei. Mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Mashallah. Lakini nchi hiyo hiyo inachimba mafuta na gesi na kuwauzia wengine. Moshi wameuhamisha, hawajauzima.

Utasema: "Sheikh, siku hizi ziko betri zisizo na kobalti." Kweli, zipo na zinaongezeka. Utasema petroli nayo ina dhulma zake, waulizwe watu wa Delta ya Niger. Kweli pia. Ndiyo maana sikukwambia usinunue.

Jibu langu ni hili: petroli peke yake haikutii dhambini, na umeme peke yake si ibada. Ukitaka la umeme, muulize muuzaji betri ni ya aina gani na madini yake yametoka wapi. Akikucheka, mwache acheke. Kuku mmoja wa sokoni tunamuuliza kachinjwa na nani. Gari la mamilioni unaona haya kuliuliza?

Wallahu a'lam.