Dawa, Elimu na Maji

Kwa miaka mingi visiwa vyetu vimepambana na maradhi ya kichocho, na hatuna budi kukiri kwamba mengi yamefanyika. Baina ya mwaka 2011 na 2017, vidonge viligawiwa hadi mara mbili kwa mwaka maskulini na majumbani, Unguja na Pemba. Katika baadhi ya shehia ilitumika dawa peke yake. Katika nyengine waliuawa pia konokono wanaoeneza maradhi. Na katika nyengine wananchi walishirikishwa katika elimu, zikajengwa sakafu za saruji za kufulia nguo na pahala pa kukojolea karibu na mito. Maradhi yalipungua sana, lakini hayakukoma. Aidha, shehia zilizopewa elimu hazikuonekana kuzipita kwa tofauti kubwa zile zilizopewa dawa tu.

Wapo wanaoweza kuyachukua matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba elimu ya afya ni kazi bure. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi mtoto atakayerudi mtoni kesho. Mkojo wa mgonjwa mmoja ukiingia majini, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono, na baadaye hutoka na kupenya ngozi ya yeyote atakayetia mguu. Mzunguko huo haukatwi na kidonge pekee.

Wala haukatwi na mawaidha matupu. Mama anayeambiwa asifulie mtoni, ilhali bomba la kijiji halitoi maji, hakupewa elimu, amepewa lawama. Hatari anaijua, bali nguo za watoto wake zinamngoja. Mtoto anayekatazwa kuoga bwawani ataoga tu, maana hakuonyeshwa pahala pengine pa kuchezea. Na msichana anayekojoa damu hunyamaza kwa haya, hali maradhi haya yaweza kumdhuru viungo vya uzazi.

Kwa hiyo twaona kwamba upanuzi wa kampeni za afya usipimwe kwa wingi wa mabango na mikutano. Upimwe kwa mabomba yanayotoa maji, kwa sakafu za kufulia zinazotunzwa, na kwa wasichana wanaothubutu kwenda kituo cha afya bila ya kuona aibu. Wakuu wa afya na wakuu wa maji wapange kazi hii kwa pamoja. Na masheha, walimu na kinamama waitwe kabla ya mpango kuandikwa, si baada ya kupitishwa.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu: kumeza dawa zinapoletwa, kutokojoa mitoni, na kuvilinda vile vilivyojengwa kwa ajili yetu. Serikali itimize lake, nasi tutimize letu. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwambia mtoto asiende mtoni, naye akatusikia.