Hatua Ishirini
Lembeni mvua huonekana kabla ya kunyesha, na mara nyingi huonekana tu: wingu limejaa huko juu Usangi, huku chini kando ya barabara ya Same kwenda Moshi ni vumbi. Hata hivyo watu hupanda mahindi kwenye vumbi hilohilo. Mimi nilipoacha dengelua, pombe yetu ya miwa, nilitaka Mungu anihakikishie mwaka mzima. Hakunihakikishia hata jioni moja. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, dalali wa hisa na daktari mpasuaji, walianzisha Alcoholics Anonymous, chama ambacho watu wake huacha pombe kwa leo tu, na kesho ina yake. Sala yangu nayo imefupika hivyohivyo. Saa kumi na mbili nikikaribia kilabu, harufu inanipokea mbali, viganja vinalowa jasho. Sikimbii, maana najijua, nikikimbia nitarudi. Naomba hatua ishirini tu, mpaka dukani. Jana kijana wa duka akaniuliza: “Shikamoo, mzee. Viberiti vyote hivi unavipeleka wapi?” Nikanunua kingine.