Riwaya ya Mauaji, Eastlands na Kiburi cha Wahakiki

Anapotokea mwandishi mpya na riwaya ya mauaji iliyojengwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hukumu yake huwa imekwisha andikwa kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Mhakiki wa chuo kikuu huuliza swali moja tu: je, hii ni fasihi dhati au ni fasihi pendwa? Akikuta maiti katika sura ya kwanza na mpelelezi katika sura ya pili, huiweka kazi hiyo kwenye rafu ya burudani na kurejea kwenye tasnifu yake. Makala haya yanapinga desturi hiyo. Yanadai kwamba kosa hili si la ladha tu, bali ni kosa la usomaji. Na kwamba katika mitaa hiyo gharama yake ni kubwa kuliko wahakiki wanavyodhani.

Kwanza, kipimo chenyewe si cha haki. Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1977, inaanza na mauaji ya wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe huko Ilmorog, inawaweka washukiwa wanne mbele ya msomaji, na inamleta Inspekta Godfrey awahoji. Umbo lake ni la riwaya ya upelelezi, lakini ni vigumu kumpata mhakiki aliyeishusha hadhi kwa sababu hiyo. Umbo hilo likitumiwa na Ngũgĩ huitwa mbinu. Likitumiwa na chipukizi wa Kayole huitwa uchapwa. Kinachopimwa basi si kitabu, ni jina lililo kwenye jalada.

Pili, mapokeo ya Kiswahili yenyewe yanasomwa nusunusu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, imezoeleka kutajwa kama mwangwi wa Sherlock Holmes. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Bwana Msa si askari. Ni raia anayefikiri, katika Unguja iliyokuwa ingali chini ya himaya ya Uingereza, na anaufikia ukweli kwa akili yake ilhali wengine wanatupia lawama mizimu. Mwandishi aliazima umbo la kigeni akalipa swali la kwao: nani ana haki ya kujua? Swali hilo ndilo urithi ambao mwandishi wa Eastlands anaupokea, apende asipende.

Hata hivyo, urithi huo haumtoshi. Riwaya ya upelelezi ya kawaida husimama juu ya nguzo tatu: kwamba muuaji hajulikani, kwamba dola inataka ajulikane, na kwamba akijulikana utulivu utarejea. Mwandishi akizihamisha nguzo hizi hadi Mathare, Huruma au Dandora, zinatikisika zote. Kile kitendawili mashuhuri cha chumba kilichofungwa kwa ndani hakina maana mahali ambapo ukuta ni bati na kikohozi cha jirani husikika. Katika ploti yenye lango moja na mfereji mmoja, aghalabu watu wanajua nani aliingia na nani alitoka. Fumbo halipo katika kujua. Lipo katika kusema. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine nguo hiyo ni sare.

Mwaka 2017 kituo cha haki za jamii cha Mathare kilitoa ripoti juu ya mauaji yanayofanywa na polisi, na anwani yake ilikuwa swali: nani anayefuata? Mwezi Machi 2020 mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, wakati polisi wakitekeleza kafyu. Mhakiki na ayaweke maswali mawili pamoja. Riwaya ya upelelezi ya Ulaya huuliza, nani aliua? Mitaa hii huuliza, nani anayefuata? Swali la kwanza linatazama nyuma na linaweza kufungwa katika sura ya mwisho. La pili halifungiki. Mwandishi mpya anayejaribu kuyabeba yote mawili katika kisa kimoja anafanya kazi ya kifani isiyo na kielelezo tayari, na ndiye huyo anayeambiwa kwamba ameandika burudani.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana hata kwa waliofanikiwa. Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2009, inamleta mpelelezi Mmarekani mweusi hadi Nairobi. Lakini maiti inayomleta ni ya msichana mzungu, nayo imekutwa Madison, Marekani. Huenda mwandishi anaukejeli ulimwengu unaopima vifo kwa rangi; hata hivyo, kejeli hiyo inathibitisha tatizo. Maiti wa Eastlands bado anangoja riwaya inayoanza naye.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo haipaswi kupuuzwa. Zipo riwaya ambazo ndani yake inspekta humfyatulia risasi jambazi katika ukurasa wa mwisho na msomaji akatakiwa ashangilie. Riwaya ya namna hiyo huyapamba mauaji yaleyale yanayowaliza akina mama wa mitaa hii, na inastahili kukemewa. Lakini ikemewe kwa kusomwa, si kwa kutazamwa jalada. Mhakiki aliyeitupa rafuni hataweza kuonyesha jinsi inavyodanganya, wala hataitambua ile nyingine inayokataa kudanganya.

Soko nalo linashirikiana na kiburi hicho. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya hutegemea mno uteuzi wa shule, na kitabu ambacho muuaji wake ni afande hakielekei kuwa kitabu teule. Vivyo hivyo, mhariri anayesafisha Sheng katika mswada huharibu ushahidi bila kujua. Shahidi anayesema "karao" mlangoni kwake na "afisa" mbele ya meza ya kituo ametoa taarifa mbili tofauti, na pengo lililo kati ya maneno hayo mawili ndilo kisa chenyewe.

Hapana budi basi wanafunzi wa uzamili wafundishwe kuiuliza riwaya ya mauaji maswali yanayoistahili: nani anaruhusiwa kuuliza, nani ananyamaza na kwa hofu ya nani, na mwisho wake unamfariji nani. Idara inayokataa kuyauliza haiilindi fasihi. Inafanya lile ambalo vituo vya polisi vimelaumiwa kwalo miaka mingi: inalifunga jalada kabla ya uchunguzi kuanza.