Miaka Saba ya Nini?

Msomaji, hebu tuhesabu pamoja. Mtoto kamaliza kidato cha nne, anataka uhandisi. Akisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano na sita ni miaka miwili, chuo kikuu minne: sita. Akienda Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha kuchukua stashahada ni mitatu. Halafu chuo kikuu, mara nyingi, anaanzishwa mwaka wa kwanza, minne tena. Saba!

Kosa lake nini? Kushika spana mapema?

Ingia maabara ya umeme ya mwaka wa kwanza. Wa kidato cha sita ana A ya fizikia, lakini multimita anaigeuzageuza mikononi, hajui waya mwekundu auchomeke wapi. Anayemwelekeza ni yule wa stashahada, aliyekwisha funga paneli na kubadilisha beringi za mota. Wiki ijayo wote wawili wanafanya mtihani uleule wa misingi ya umeme. Mmoja anajifunza. Mwingine anarudia, na ada analipa.

Vyuo vikuu vitasema hisabati ya stashahada ni nyepesi. Sawa! Mpeni hisabati. Mpeni muhula mzima, usiku na mchana. Lakini mtu aliyeishi na kanuni ya Ohm miaka mitatu, mnamfundisha upya ya nini?

Na wewe mzazi, umelala! Mwanao akipangiwa chuo cha ufundi unaona haya kuwaambia majirani. Unamsukuma PCM kwenye shule inayofundisha fizikia kwa chaki, maabara ina kufuli. Anatoka na S mbili na F ya hisabati, ndipo unakumbuka ufundi. Mkataa pema, pabaya pamwita.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vimeundwa na nani? Mhandisi anasanifu, fundi sanifu anausimamisha mchoro, fundi mchundo anachomelea. Sisi tunataka wa juu tu. Ndiyo maana pampu ya kijiji ikikwama, mwenye shahada anaulizia fundi wa mtaani, tena kwa kunong'ona.

Stashahada wanaisimamia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi; vyuo vikuu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Serikali ni moja! Wakae meza moja, wafungue mitaala, somo kwa somo: alilokwisha faulu asirudie. Kazi hiyo haihitaji mkopo wala mfadhili.

Mbona haifanyiki? Ada ya mwaka ule wa ziada inamnufaisha nani?