Songea hadi Mtwara kwa ndege, mpaka upite Dar?

Makamanda, fungueni ramani kwenye simu. Pimeni mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Songea hadi wa Mtwara. Mtapata kilomita 500 hivi. Ile pangaboi ya viti 76 tuliyopigiwa ngoma tangu 2016 inamaliza mwendo huo kwa saa moja na dakika chache.

Mwezi uliopita mama yangu mdogo alipewa rufaa kutoka Songea kwenda hospitali ya kanda, Mtwara. Tatizo lake ni mgongo, hakai nusu saa bila kujinyoosha. Nikaulizia tiketi mwenyewe. Wakala akanicheka: "Dada, ya moja kwa moja hakuna, labda mzungukie Dar."

Kuzungukia Dar maana yake ni kilomita 580 kwenda Dar, kisha 400 kushuka Mtwara. Karibu mara mbili ya safari, na tiketi mbili, kati ya mikoa miwili inayopakana! Hospitali ile tuliambiwa imejengwa ili watu wa kusini tusikimbilie Muhimbili. Sasa ukitaka kuifikia kwa ndege unashushwa kwanza Dar, jirani na Muhimbili. Hivi nani alikaa akapanga hivi?

Akapanda basi. Zaidi ya kilomita 600, Namtumbo, Tunduru, Masasi. Lami ipo, sikatai, na ni nzuri. Lakini alifika usiku, watu wawili wakamshika kumshusha ngazi.

Najua watetezi wao wataandika nini hapo chini: eti abiria hawapo. Abiria wapo kwenye mabasi, nendeni stendi ya Songea alfajiri mkahesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu. Ndege ikienda Songea na kurudi Dar, kisha Mtwara na kurudi Dar, inaruka kilomita 1,960 hivi. Ikizunguka Dar–Songea–Mtwara–Dar inaruka 1,480. Nakubali, siku hiyo viti vya kwenda Dar vitapungua, kwa hiyo siombi kila siku. Naomba siku mbili kwa wiki, zijulikane na zisibadilishwe ovyo. Shirika ambalo CAG alilikuta na hasara ya zaidi ya bilioni 56 kwa mwaka 2022/23 lisituambie kwamba linaogopa hasara ya Songea tu.

Kuna wenzangu darasani wanasema twende mahakamani. Jamani, someni Katiba. Ibara ya 9 inaitaka serikali ipange maendeleo ya uchumi kwa ulinganifu, sawa. Lakini ibara ya 7(2) imeshafunga mlango: masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Waliiandika wakijua. Ndiyo maana tunadai Katiba mpya, si kwa sababu tunapenda kelele.

Kwa hiyo iliyobaki ni siasa. Mbunge wa Ruvuma au Mtwara akija kwenye mkutano, asiulizwe habari za viwanja kupanuliwa. Aulizwe: ndege ya Songea–Mtwara inaruka siku gani, saa ngapi, na nauli yake kiasi gani? Akianza kutaja miradi, mrudisheni kwenye swali.

Mama mdogo anatakiwa kurudi kliniki mwezi ujao. Tumeshamkatia tiketi ya basi, siti ya mbele.